Sahani ya kijani: Idi tatu bila ngano nyumbani kwetu

Naandika haya mapema kabla Ramadhan haijaingia, manake ikishaingia kila mtu yuko jikoni tangu alasiri na hakuna anayesoma. Mwanangu wa pili, msichana, alipatikana na ugonjwa wa seliaki, ule wa ngano kuumiza utumbo, akiwa na miaka saba, na tangu hapo tumekula Idi tatu bila ngano. Ya kwanza ilikuwa mbaya sana. Najua kuna mama sa hii yuko pale nilipokuwa mimi, ana mtoto tumbo limefura, mikono kama vijiti, na hajui aanzie wapi, basi haya ni yake.

Sisi tulizunguka miaka miwili. Dawa za minyoo tulipewa mara sijui ngapi, dawa ya maji ya kuongeza damu chupa kwa chupa, damu inapanda kidogo alafu inashuka tena, choo laini kila siku, shuleni analala kwenye dawati. Kliniki moja tuliambiwa mtoto anadeka hapendi kula. Nyumbani mtu mzima mmoja akasema ni jicho, asomewe, tukamsomea, na kusoma si vibaya hata kidogo, lakini ugonjwa ulikuwa uko pale pale. Alafu mimi nikafanya kosa ambalo naliweka hapa ili mwenzangu asilifanye: nilisoma kwenye simu habari za ngano, nikamwachisha chapati na mkate bila kumwambia daktari. Wiki tatu tu tumbo likashuka, nikafurahi, nikampeleka kwa daktari wa watoto kumweleza, naye akaniuliza, "Mama, umemtoa ngano kabla hatujampima?" Kumbe kipimo cha damu kinatafuta zile kingamwili ambazo mwili unazitengeneza mtu akiwa anakula gluteni, ile protini ya ngano, ukishaiacha zinapungua na kipimo kinaweza kusema hana kitu na huku anacho. Ikabidi mtoto arudishiwe mkate kila siku wiki kama sita hivi, yaani mimi mwenyewe nampa kwa mkono wangu kitu ambacho najua kinamuumiza, na asubuhi namwona amejishika tumbo. Zile wiki sita sitazisahau. Ndo akapimwa damu, wakampitisha ule mpira wenye kamera mpaka kwenye utumbo mdogo wakachukua vipande vidogo, na jibu likaja.

Gluteni, vile nilivyoelezwa, ni protini iliyo ndani ya ngano, shayiri na nafaka moja ya kwao Ulaya inaitwa rai. Mwenye seliaki akiila, kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo wake mwenyewe, vile vinyweleo vidogo ndani ya utumbo vinavyofyonza chakula vinalala chini kama nyasi zilizokanyagwa. Ndo maana damu ilikuwa haipandi hata nikimpa maini kila wiki, madini ya chuma yalikuwa yanapita tu. Mtu hakui akauacha, na tiba ni moja, kutokula gluteni maisha yote, hata chembe. Nilikuja kusoma kwamba daktari wa watoto Mholanzi, Willem-Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha kuwa ngano ndo chanzo, miaka ya 1940. Mwisho wa vita vya pili vya dunia Uholanzi kulikuwa na njaa kali, mkate ukakosekana, na watoto wake waliokuwa wagonjwa wakapata nafuu, mkate uliporudi wakaanza kuumwa tena. Habari ile ilinituliza moyo kwa namna ambayo sijui kuieleza. Kuna mama wengine kitambo waliona haya haya ninayoyaona.

Tuliambiwa na sisi wa nyumba tupimwe, manake ndugu wa karibu wa damu, kama mmoja katika kumi, huweza kuwa nao bila kujua. Hatukuwa nao, alhamdulillahi.

Sasa ile "hata chembe" ndo sikuielewa. Nilidhani maana yake ni mtoto asile chapati, basi. Ramadhan ya kwanza nikaendelea kama kawaida, mamangu anasukuma chapati za daku juu ya meza ile ile, unga unaruka unatua kwenye sufuria ya wali, mafuta yaliyokaanga mahamri ndo hayo hayo nakaangia mihogo yake. Viazi karai nilimpa kwa moyo mweupe kabisa, kiazi si ngano, nikasahau kwamba ule urojo wa nje wengi wetu tunaukoroga kwa unga wa ngano. Mbaazi za nazi zenyewe hazina neno, lakini bakuli likiwa katikati ya mkeka na kila mtu anachovya hamri lake humo ndani, lile bakuli si lake tena. Supu nayo nilikuwa naitilia tambi bila hata kufikiri. Mwezi mzima mtoto hapati nafuu na mimi naapa kwamba hali ngano.

Usiku wa kuamkia Idi mamangu akampa kaimati mbili. Hakuficha, alinitazama machoni akaniambia, "Mwanangu, Idi hii, kidogo tu hakimdhuru." Bibi anaona mjukuu wake amekaa pembeni wenzake wanakula, roho inamuuma, namwelewa sasa, wakati ule sikumwelewa. Ilipofika saa nne mtoto akaanza kutapika mpaka alfajiri. Watu wanaenda kusali Idi, yeye amelala kitandani amevaa nguo yake mpya manake alilia mpaka nikamvisha. Nilimtolea mamangu maneno ambayo mtu hamwambii mamake. Na asubuhi ile ile jirani wa mlango wa pili akamtuma kijana wake na sahani ya visheti, na mimi kwa hasira nilizokuwa nazo nikairudisha vile vile ilivyokuja, imejaa. Wanaojua kwetu wanajua maana yake. Sahani ya jirani hairudi tupu, unaitilia chochote, hata sukari, lakini kurudisha kile kile ulicholetewa ni sawa na kumpiga mtu kofi. Yule mama hakuniuliza kitu. Mwaka mzima hakunitumia sahani tena.

Siku ya tatu ya Idi mamangu akatoka chumbani kwake na bakuli la mchele alioulowesha tangu usiku. Hakusema samahani na mimi sikusema. Aliuliza blenda iko wapi.

Mkate wa sinia, wengine huuita mkate wa kumimina, mimi nimeula tangu utotoni na hata siku moja haikunipitia kichwani kwamba hauna ngano ndani yake. Mchele vikombe viwili, ulowe usiku kucha, uusage na tui zito la nazi kama kikombe na robo mpaka usisikie chembe ukisugua kwa vidole, hapa ndo wengi wanakosea, wanachoka mapema mkate unatoka na mchangamchanga. Hamira kijiko kimoja kidogo, iliki, sukari. Mamangu hutia kikombe kizima cha sukari, mimi sa hivi natia nusu na tui lenyewe lina utamu wake. Unafunika unaacha uumuke kama saa moja mpaka uone mapovu juu, alafu unachanganya ute wa yai moja uliopigwa, taratibu. Sufuria iwe imepata moto na mafuta kidogo kabla hujamimina, moto mdogo chini, na juu ya kifuniko unaweka makaa, ndo uwive juu upate rangi. Kwenye oveni pia unakubali lakini ile harufu ya makaa huipati. Mtoto alikula vipande vitatu amesimama pale pale jikoni, akauliza kama anaweza kumpelekea rafiki yake. Mamangu akaanza kuhesabu kwa vidole: vitumbua mchele, vibibi mchele, mkate wa mofa ni mtama, mihogo ya nazi, bhajia za kunde. Alisema bibi yake yeye unga wa ngano aliuona siku za harusi.

Basi mimi nilikuwa nimeshapoteza pesa nyingi kwenye supamaketi nikinunua unga wa nje ulioandikwa hauna gluteni, pakiti moja bei yake inanunua pakiti tatu nne za ngano, na biskuti zake ukisoma nyuma ni wanga na sukari tu. Sisemi usinunue. Lile neno kwenye pakiti lina maana, kiwango kinachotumika nchi nyingi ni gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo moja ya chakula, na ukiwa safarini linakuokoa. Lakini kwa kula kila siku, jibu lilikuwa liko Marikiti, soko letu hapa Mombasa, kwenye magunia.

Kuoka ndo kulinichukua muda. Mahamri ya unga wa mchele nilijaribu mara tano, yalipasuka kwenye mafuta yakawa makombo. Gluteni ndo inayovutika kama mpira ikashika ile hewa ya hamira, ukiitoa hakuna cha kushika. Aliyenisaidia ni mzee mmoja muuza dawa za Kihindi pale mjini, akaniambia jaribu isabgol, zile ganda za mbegu watu wanakunywa kwa ajili ya choo. Kijiko kimoja cha chakula kwa vikombe viwili vya unga, unaikoroga na maji inakuwa na utelezi kama wa bamia, ndo unakandia unga wako. Kwa mahamri bado hayawi yale yenyewe, nisidanganye mtu, lakini mkate wa unga wa mchele na wanga wa muhogo unashikana, unakatika vipande haumwagiki. Vingine nilivyojifunza kwa kuharibu: unga usio na ngano unataka maji mengi kuliko unavyozoea, donge linakuwa kama uji mzito, usiogope ukaongeza unga. Uache utulie nusu saa unywe maji kabla ya kuoka. Pima kwa mizani, kikombe cha unga wa mchele na kikombe cha unga wa mtama uzito wake si mmoja. Na mkate ukibaki usiuweke friji, unakuwa mgumu kama kibao, ukate uweke friza, ukitaka unapasha.

Biskuti za Idi ndo zilikuwa rahisi kuliko zote. Nankhatai haitaki kuvutika, inataka kuvunjika mdomoni, kwa hivo haiihitaji gluteni. Natumia unga wa dengu kikombe, wa mchele kikombe, samli robo tatu ya kikombe, sukari laini nusu kikombe na iliki nyingi. Ule wa dengu uukaange kwanza mkavu kwenye moto mdogo mpaka unukie, mbichi una uchungu. Donge likae friji nusu saa, ndo ufanye viduara, oveni digrii 170, kama robo saa hivi na usizishike zikiwa moto. Wageni wangu wa Idi ya pili walimaliza bati zima bila kujua, na nilipowaambia wakataka vipimo.

Jambo moja kuhusu unga limesimamisha nyumba yetu yote: mashine ya kusagia. Nilikuwa napeleka mtama wangu safi nimeupepeta kwa mkono, na kabla yangu mtu amesaga ngano, ule unga wa mwanzo unaotoka kwenye mashine una ngano ya mwenzangu. Mtoto alirudi kuumwa miezi miwili na hatujui kwa nini mpaka siku moja nikakaa kwenye foleni nikaona. Sa hivi nina mashine ndogo ya nyumbani, na tumetenga vitu, yeye ana sufuria yake, kikaango chake na sahani ya kijani aliyoichagua mwenyewe. Chapati nyumbani hazisukumwi tena, babake akizitaka anakula nje. Kibao cha kusukumia na miko yote ya zamani nilimpa wifi yangu, manake mbao zina nyufa na unga unaingia humo hautoki hata ukiosha vipi.

Na kuna watu, hasa shoga zangu, wananiuliza kama wakiacha ngano watapungua mwili. Mimi nawaambia kama huna ugonjwa wala daktari hajakwambia, ngano haikukosea. Mwaka wa kwanza mwanangu hakula ngano na alikuwa anakula vibaya kuliko mwanzo, wali mweupe asubuhi mchana na usiku, krisps, soda, nikiona tu haina gluteni nampa. Hakupata choo na damu ilikuwa bado chini. Mtaalamu wa lishe ndo akanigeuza: uji wa wimbi, mtama, kunde na mbaazi, mchicha, dagaa na samaki, na chai isinywewe na chakula manake inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, badala yake akamulie ndimu kwenye mboga au ale chungwa, hizo zinayasaidia kuingia. Kitu kidogo tu cha kusogeza chai mbele saa moja mbili. Msimu wa maembe basi hatuna shida. Baada ya mwaka na nusu vipimo vikakaa sawa, na viatu vya shule ikawa vinambana kila muhula.

Zawadi nazo zilinipa taabu ambayo sikuitegemea. Idi watoto wanapita nyumba kwa nyumba kupata mkono wa Idi, na si pesa peke yake, ni peremende, keki, biskuti za pakiti. Nilizungumza na shangazi zake na makhalati zake wote kabla ya kumi la mwisho, mmoja mmoja na si kwa ujumbe wa jumla, nikawaomba wasimpe cha kula, wampe kitu. Mmoja akamletea bangili kutoka Bombolulu, kile kituo cha mafundi wenye ulemavu kilichoko tangu 1969, na bangili ile haivui mpaka leo. Na mimi upande wangu nikaacha zile hampa za supamaketi zenye karatasi inayong'aa. Nanunua vikapu vya miyaa kwa wamama wanaovisuka, natia achari ya embe niliyotia mwenyewe, kashata za nazi, tende, iliki na karafuu nzima kutoka Marikiti. Nzima, si za kusagwa, viungo vya kusagwa hujui vimechanganywa na nini, na hing, yaani mvuje, usiinunue bila kusoma, nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Halwa nanunua kwa mtu ambaye nimemuuliza uso kwa uso wanga wake ni wa nini. Usione haya kuuliza. Mwenye kupika kwa moyo anafurahi kuulizwa, wangu alinivuta mpaka nyuma akanionyesha gunia.

Wifi yangu, yule aliyechukua miko yangu, na mimi tulikwenda Changamwe kwa wachongaji wa Akamba, ushirika wao uko tangu 1963, tukanunua miko mipya, mitatu yake na mitatu ya jikoni kwangu, hii haijaona ngano. Alafu Biashara Street kutafuta leso, na hapo ndo nilikaa kuliko kote. Usiku wa kumi la mwisho ile barabara haipitiki, mafundi wako barazani wanapinda leso, taa, watoto, harufu ya udi. Ya mamangu niliipata haraka, imeandikwa Nani kama mama, na nilimpa bila kusema neno akajifunga pale pale. Ya jirani ndo ilinishinda. Leso inasema, na mtu ambaye uliwahi kumrudishia sahani yake imejaa atasoma jina la leso mara mbili mbili kutafuta kijembe. Nilipekua duka la kwanza, la pili, muuzaji amechoka nami, mpaka nikaona Wema hauozi. Nikaipinda, nikaitia kwenye kikapu na bati la nankhatai, nikabisha mlango mwenyewe. Nikamweleza yote, utumbo, vinyweleo, zile kaimati, ule usiku. Alisikiliza akaniambia, "Mbona hukuniambia, dada? Mimi nilidhani umesikia maneno." Tukalia sote wawili mlangoni.

Hiyo ilikuwa usiku wa ishirini na saba. Asubuhi ya Idi, watu hawajarudi kusali, kijana wake akabisha na sahani imefunikwa kawa. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili mbali na mwili wake, kama amebeba maji. Vitumbua. Akasema, "Hii si yenu nyote, hii ni yake peke yake. Mama amesema mchele ameutwanga kwenye kinu, hakuupeleka mashineni, na chuma cha vitumbua ni kipya." Nikamwita mwanangu, akaja mbio na sahani yake ya kijani.